Kuku wa Eastlands: wafungiwe ama waachiliwe?

Uzi wa leo ni wa kuku. Msicheke kwanza.

Kila msimu wa siasa, kwenye mikutano ya mtaani huku Eastlands, kuna swali moja halikosi. Mama fulani anainuka, anapewa maiki, anauliza: "Mheshimiwa, hawa kanjo watawacha lini kutuchukulia kuku?" Watu wanaangua kicheko. Mheshimiwa naye anacheka, anaahidi kitu, tunahamia barabara na maji. Jioni huku mtandaoni wanajibu wa upande wa pili: mji si shamba, kuku wafungiwe ama wapelekwe ushago. Na miaka ya karibuni kumetokea kundi la tatu, wengi wao rika langu, wanaosema kumweka kuku kwenye keji ya waya ni ukatili, aachiliwe atembee kama Mungu alivyomuumba.

Sheria ya nyuzi zetu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunaangalia suala lenyewe limetoka wapi.

Lakini kabla sijaendelea nikiri kitu. Mamangu anafuga leya 96 kwenye keji, juu kabisa ya flati yetu Kayole, pale watu wanapoanika nguo. Keji yenyewe ina ngazi tatu, kuku wanne kila chumba. Siku nzuri tunaokota karibu kreti tatu za mayai, na hayo mayai ndiyo yamenilipia sehemu kubwa ya karo tangu mwaka wa kwanza. Kwa hivyo mkiniona nayumba mahali kwenye uzi huu, jueni ni karo inaongea.

Ninachotaka kusema ni hiki: ukifuata historia ya mitaa yetu, utaona kwamba swali la kumfungia kuku au kumwachilia halijawahi kuamuliwa na mwenye kuku. Limeamuliwa na mwenye uwanja.

Tuanze na neno. Tunasema kuku wa kienyeji na kuku wa gredi. Kienyeji inatoka kwa mwenyeji, yule wa hapa. Gredi ni neno la serikali na maseto wa kikoloni, walilotumia kwa ng'ombe wao wa maziwa na baadaye likashuka hadi kwa kuku. Sasa fikiria Nairobi ya miaka ya 1920. Kuku anaitwa mwenyeji, lakini mwenye kuku, Mwafrika aliye na kipande chake shingoni, anahesabiwa kuwa mgeni. Serikali ilimwona kama mfanyakazi wa kupita: afanye kazi, alale, mkataba ukiisha arudi rizavu. Mtu wa kupita hajengewi ua.

Na ua ndio mwanzo wa hadithi yetu. Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920, wakazi waliruhusiwa kujijengea kwenye ploti, na wengi wakajenga nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na nyuma ua wa kupikia, kufulia na kuogea. Ndiyo maana hadi leo tunaita pale Majengo. Nyumba ya aina hiyo haiulizi kama kuku afungiwe au aachiliwe. Anaingia uani, anatoka kichochoroni, jioni anarudi mwenyewe.

Wakati huo huo sheria nyingine ilikuwa imeshaandikwa. Sheria ya Afya ya Umma ni ya 1921, na bado tunayo, Sura ya 242. Ndani yake kuna orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa kero kwa afya, na miongoni mwake ni jengo lolote la kufugia wanyama au ndege likiwekwa kwa namna inayochukiza au kuhatarisha afya. Ukiisoma leo haina ubaya. Nani anataka kinyesi cha kuku mlangoni? Lakini kumbuka ilizaliwa katika mji gani. Nairobi ilikuwa imepitia tauni, bazaa ya Wahindi ikachomwa moto 1902, na tangu hapo hofu ya magonjwa ikawa ndiyo lugha ya kugawanya mji kwa rangi. Sheria ilikuwa moja, ila bwana afya alijua ni mitaa gani ataingia bila kubisha hodi. Karen na Muthaiga kulikuwa na mazizi ya farasi. Sijasikia farasi wa Karen akibebwa na kanjo.

(Kanjo, kwa mnaosoma mkiwa mbali, ni askari wa jiji. Neno linatoka kwa council. Baraza la jiji liliisha 2013 kaunti zilipoanza, jina likabaki, na tabia pia.)

Miaka ya 1940 mambo yalibadilika kidogo. Vita vya pili vya dunia vilileta watu wengi mjini, migomo ikaanza kutisha, na serikali ikaamua kwamba mfanyakazi mwenye familia ni bora kuliko mfanyakazi mwenye hasira. Hapo ndipo Kaloleni ilipojengwa: nyumba za chini, za mawe na vigae, zikizunguka viwanja vya nyasi. Wapangaji wake waliiga mawazo ya Kiingereza ya mji wenye bustani. Ukienda leo utaona miti mikubwa na nafasi katikati ambayo hakuna mtaa mpya wa Eastlands ulio nayo. Hakuna aliyepanga nafasi ile kwa ajili ya kuku, ila kuku hawakuambiwa.

Nyanya yangu aliishi ng'ambo tu ya pale, Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Sisi ni Waluhya, nyanya tunamwita kukhu, na ndiyo, huo utani wote nimeshausikia. Kuka alifanya kazi reli, kukhu alifuga kuku. Asubuhi aliwafungulia wakatawanyika kati ya nyumba, jioni waliingia wenyewe jikoni na kulala chini ya tenga. Kila mtu alijua jogoo wa nani ni yupi. Nilimuuliza kama majirani hawakulalamika. Akasema walilalamika sana, halafu Krismasi wakaja kula.

Nimeweka hiyo ya kukhu si kwa sababu ni tamu. Ni kwa sababu watu wanaosema "zamani kuku waliachiliwa" huwa wanakumbuka kitu kama hicho, na wanadhani tofauti yake na sasa ni tabia, kwamba siku hizi tumekuwa na tamaa. Kukhu hakuwa mpole kuliko mamangu. Kukhu alikuwa na uwanja ambao hakuulipia.

Baada ya uhuru barabara inayopita pale ilibadilishwa jina kutoka Doonholm Road ikawa Jogoo Road. Kwa nini jogoo? Hilo ni swali ambalo sheria ya uzi huu inanizuia kulijibu. Wenye umri wanajua.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyoamua mambo. Watu walikuwa wanaingia Nairobi kwa wingi na mji ukajenga kuelekea mashariki. Buruburu ilianza 1973, nyumba za watu wa tabaka la kati, kila moja na kiua chake nyuma na ukuta. Umoja ikafuata kwa pesa za Wamarekani. Dandora ilikuwa mradi wa Benki ya Dunia wa 1975: unapewa ploti yenye bafu, choo na maji, mengine unajijengea mwenyewe. Kwenye karatasi, mitaa yote mitatu ilikuwa na nafasi. Nafasi hiyo iliishi muda gani? Mwenye ploti Dandora alikuwa na karo na madeni kama mtu yeyote. Akajenga chumba kimoja uani akapangisha, kisha cha pili. Umoja wakaenda juu, ghorofa nne, tano, sita. Hata Buruburu, wenye nyumba walijaza viua vyao kwa vyumba vya kupangisha na maduka yanayotazama barabara. Mita kwa mita, ua ukageuka kodi. Mimi siwalaumu. Ukiwa na futi mia moja za mraba, kuku watano hawawezi kukulipa kama mpangaji mmoja.

Serikali nayo ilikuwa na siasa yake ya kuku, ila iliielekeza mashambani. Mwaka wa 1976, kwa msaada wa Uholanzi, ilianza mradi wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na sehemu yake maarufu ilikuwa kubadilishana majogoo: unaleta jogoo wako wa kienyeji, unapewa wa gredi ili vifaranga wawe wakubwa. Mtu wa mjini hakuwa kwenye hesabu hiyo. Kisha 1984 ikaanza Kenchic, na biashara ya vifaranga wa siku moja na broila wa wiki chache ikawa kitu cha kawaida. Mtu mwenye chumba kimoja Kariobangi angeweza kununua vifaranga, mashi na dawa agroveti, na kuuza baada ya mwezi na nusu. Kuku huyo hakuhitaji uwanja. Alizalishwa ili asiuhitaji.

Na wafugaji wa mjini walikuwepo, hata kama sheria ndogo za jiji zilijifanya hawapo. Mwaka wa 1985 Mazingira Institute ya hapa Nairobi ilifanya utafiti katika miji sita ya Kenya na kukuta asilimia 29 ya familia zinalima ndani ya mji, na asilimia 17 zinafuga. Yaani karibu familia moja kwa kila sita ilikuwa na mnyama au ndege mjini, wakati rasmi jibu lilikuwa hairuhusiwi. Hapo ndipo siasa ya kuku inapozaliwa, kwa sababu kitu kinachofanywa na wengi na kukatazwa na sheria ni kitu cha kuhongea. Mnajua inavyokuwa. Kuku wanabebwa kwenye pickup asubuhi, na hakuna mtu amewahi kuniambia wanaishia wapi, ingawa tuna nadharia zetu.

Sasa tuje kwa keji yenyewe, maana hapa ndipo vijana wenzangu wananivamia.

Malalamiko dhidi ya keji si mapya na si ya uongo. Mwaka wa 1964 Mwingereza Ruth Harrison aliandika kitabu, Animal Machines, kuhusu wanyama wanavyofugwa kiwandani. Kelele zake zikafanya serikali ya Uingereza kuunda kamati, na 1965 kamati hiyo ya Brambell ikasema mnyama anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Hayo tu. Ilichukua hadi 1999 Umoja wa Ulaya kupitisha sheria ya kuondoa keji za kawaida, na wafugaji wakapewa mpaka tarehe 1 Januari 2012. Katika kipindi cha kungoja, kiwango cha chini kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kila kuku. Chukua karatasi ya A4, ile ya fotokopi. Hiyo ni kubwa zaidi.

Nilifanya hilo jaribio. Nilipanda juu na karatasi ya A4 nikaiweka mbele ya keji ya mamangu. Sikufurahi. Kuku kwenye waya hawezi kuoga vumbi, na ukishamwona kuku wa ushago akioga vumbi, macho yamefumba nusu, unajua anakosa nini. Hana pa kupanda usiku, hana pa kujificha akitaga. Anayesema kuku hasikii chochote hajawahi kuishi naye. Tena tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia ustawi wao. Kwa hivyo mtu akikuambia haya ni mambo ya wazungu, mwambie yako kwenye Katiba yake.

Ila sasa "waachilie" maana yake nini, hapa?

Kuachilia Kayole ni kuachilia kwenye barabara ya matatu, mitaro ya maji machafu, paka, na majirani wenye sufuria. Ni kideri: kuku wa mtaa mzima wanachanganyika, mmoja akiugua, wiki inayofuata unazika wote. Na kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilitaja kwenye mjadala. Kuku anayetembea anaparua udongo na kula anachokipata. Mwaka wa 2007 UNEP ilichapisha utafiti kuhusu dampo la Dandora. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Udongo wa pale nao ulikuwa umechafuka. Je, yai la kuku anayeparua udongo huo lina nini ndani? Kwenye keji angalau najua kuku wetu amekula nini, kwa sababu nimebeba gunia mwenyewe ghorofa tano.

Wengine wanasema basi tule kienyeji wa kutoka ushago. Sawa. Sensa ya 2009 ilihesabu kuku wapatao milioni 31.8 nchini, na zaidi ya milioni 25 kati yao walikuwa wa kienyeji. Wapo. Lakini nenda Soko la Burma uangalie wanavyofika. Kuku aliyetembea huru maisha yake yote Magharibi au Ukambani anafika Nairobi amesongamana kwenye tenga juu ya basi, jua kali, bila maji. Anayekula paja lake baadaye anasifia uhuru wake. Na nusu ya "kienyeji" wa hotelini, wacha niseme ukweli wa mtu anayeuza, ni leya waliomaliza kutaga. Tunawauzia sisi.

Kuna njia ya katikati: banda la sakafu lenye maranda, vitagio na vijiti vya kulalia. Kuku hatoki, lakini anatembea, anaparua, anaoga vumbi. Hapa naomba muwe na subira, kuna hesabu kidogo. Sheria ile ile ya Ulaya ya 1999 inaruhusu kuku tisa kwa mita moja ya mraba kwenye mabanda ya aina hiyo. Kuku 96 wa mamangu wangehitaji karibu mita 11. Singo ya kawaida ya Eastlands, futi kumi kwa kumi, ni mita 9.3. Yaani kuku wetu, wakifugwa kwa kiwango kinachokubalika, wanahitaji chumba kikubwa kidogo kuliko kile familia ya watu watano inaishi hapo chini yetu. Na wakipewa uwanja wa nje kwa kiwango hicho cha Ulaya, mita nne kwa kila kuku, tunazungumzia mita 384. Ploti ya futi arobaini kwa sitini, ambayo kwa mtaa wetu ni ya tajiri, haifiki 225.

Ndiyo maana nasema mjadala wetu umekopwa nusu. Ulaya walibishana kampuni kubwa imfanyie nini kuku ikiwa na ardhi tayari. Sisi tunambishia mpangaji.

Sheria imesogea, tukubali. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, baada ya wakulima na mashirika kusukuma kwa miaka mingi. Kutoka kukataza hadi "kukuza na kusimamia" ni safari ndefu, na mwanasiasa yeyote anayesimama jukwaani kusema kufuga mjini ni haramu kabisa ama hajaisoma ama anajua nyinyi hamjaisoma. Lakini sheria ya kilimo haitengenezi ua. Wakati kaunti inaandika hivyo kwa mkono mmoja, mpango wa kubomoa mitaa ya zamani na kupandisha maghorofa unaendelea kwa mwingine. Pangani ya zamani haipo tena. Shauri Moyo na Makongeni ziko kwenye mpango huo huo. Sipingi nyumba, watu wanahitaji nyumba, mimi pia. Nauliza tu ni mchoro upi kati ya hiyo una banda la pamoja, hata moja, lenye maji na daktari wa mifugo, ambalo wakazi wangelipia kidogo kidogo. Choo cha umma tunajua kukijenga. Soko tunajua. Banda limekuwaje gumu?

Hilo ndilo swali la kuuliza kwenye maiki safari ijayo. Achaneni na la kanjo wataacha lini. Ulizeni uwanja ni wa nani na uko wapi kwenye mchoro, kisha msicheke mpaka ajibu.

Kwa nini naandika haya sasa? Mwenye flati yetu aliuza mwezi uliopita. Mwenye mpya anataka kuongeza ghorofa, kwa hivyo juu kule kwa kamba za nguo panahitajika, na keji ina hadi mwisho wa mwezi. Keateka alileta notisi kwa heshima, alikuwa na aibu, maana naye hununua mayai kwetu kwa mkopo.

Kuna singo moja imebaki wazi chini. Jumapili mama alinituma nikaipime na tepu. Futi kumi kwa kumi kamili, dirisha moja. Nikapiga hesabu ya kuku tisa kwa mita, nikamwambia 83 wanaingia, wakitembea, na vitagio tunaweza kutengeneza kwa mbao za kreti za soda. Nilikuwa nimefurahi kweli. Akaniuliza kodi. Nikamwambia. Akakaa kimya, akafuta mayai mawili matatu kwa kitambaa, akasema, "Yaani kuku walipiwe nyumba, halafu wewe ulale hapa kwa kochi?"

Bado hatujaamua. Keateka anataka jibu Ijumaa.